Kwa Nini Daktari Anagoma Anaposhambuliwa?

MTANGAZAJI: Kipindi hiki tumekichapa ili ukisome kwa nafasi yako, na umsomee jirani asiyejua kusoma.

Leo tunajibu swali ambalo watu huuliza wakikuta hospitali imefungwa: daktari aliapa kutibu watu, inakuwaje anagoma?

Migomo mingi ni ya mshahara. Lakini upo mgomo wa usalama. Wewe uliyetoka Kivu ya Kaskazini pengine unakumbuka Butembo, mwaka 2019.

Ebola ilitangazwa kule tarehe 1 Agosti 2018. Watu walikuwa na sababu za kutoamini. Miaka mingi walikuwa wakiuawa na msaada haufiki, halafu kwa Ebola magari yakaja mengi. Desemba 2018 uchaguzi ukaahirishwa Beni na Butembo, Ebola ikitajwa kuwa sababu mojawapo. Uvumi ukaenea kwamba ugonjwa ni biashara na siasa.

Mwishoni mwa Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kutiwa moto. Tarehe 19 Aprili watu wenye silaha waliingia hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo, wakamwua Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, WHO.

Siku chache baadaye madaktari na wauguzi wa Butembo waliandamana. Walitoa onyo kwamba wasipohakikishiwa ulinzi ndani ya juma moja, wataacha kazi.

Kwa nini walifika hapo? Muuguzi wa zamu ya usiku anayewaza atakimbilia wapi, hawezi kuhesabu vizuri dawa ya mtoto wako. Akiuawa au akihama, hakuna wa kushika nafasi yake kesho. Mgomo ni njia ya kuiambia serikali: tulinde, ili tuweze kutibu.

Pia mgomo si lazima kila mlango ufungwe. Agosti 2024, huko India, daktari mwanamke aliyekuwa mafunzoni alibakwa na kuuawa ndani ya hospitali ya RG Kar, jijini Kolkata. Madaktari wa nchi nzima waligoma kwa saa 24 kuanzia tarehe 17, lakini huduma za dharura ziliendelea. Kwa hiyo ukisikia mgomo, usikae nyumbani na mama mwenye uchungu au mtoto mwenye degedege. Nenda, uulize huduma ya dharura iko wapi.

Hata hivyo, anayeumia kwanza ni mgonjwa. Butembo, mashambulio yalisimamisha chanjo na kazi ya kuwafuatilia waliomgusa mgonjwa, na Ebola ikapata njia. Juni 2019 ilivuka mpaka hadi Kasese, Uganda. Ulipotangazwa mwisho wake, tarehe 25 Juni 2020, watu zaidi ya 2,200 walikuwa wamekufa.

Askari mlangoni walihitajika, lakini hawakutosha. Mtu aliyekimbia bunduki akiiona kwenye kituo cha afya, anarudi nyumbani na ugonjwa wake. Kinacholinda kituo zaidi ni watu wanaokiamini. Kwa hiyo wahudumu nao wana deni: watueleze, na watusikilize.

Na sisi je? Najua foleni inachosha. Umefika alfajiri, saa nane mchana unaambiwa dawa zimekwisha. Hasira hiyo ni ya haki. Lakini anayekuambia, mara nyingi si yeye aliyezichelewesha. Usimtukane, usimpige. Ukitukanwa wewe, au ukidaiwa pesa kwa huduma ya bure, shika siku, saa na jambo lililotokea, ulipeleke kwa mwenyekiti wa kamati yenu ya wakimbizi au kwenye dawati la malalamiko. Ukisikia uvumi kuhusu ugonjwa, muulize mhudumu wa afya wa kijiji kabla ya kuupeleka mbele.

Swali la kujadili katika kikundi chenu: kwenye kituo chetu cha afya, ni jambo gani linaloleta ugomvi zaidi, na nani tumwendee ili litatuliwe kabla mtu hajaumizwa?