Kioo cha Kompyuta Kilichokwaruzika

Vijana wetu wa Nachingwea na Ruangwa siku hizi husoma kwa kompyuta mpakato, na mara nyingi nyumba nzima huitegemea moja tu. Kioo kikikwaruzika, huambiwa wakisugue kwa dawa ya meno. Twawasihi wasifanye hivyo.

Kinywe kilichomo katika ardhi ya Ruangwa ni madini laini, hata hutiwa ndani ya penseli. Bali chembe ya mchanga iliyomo katika vumbi letu ni ngumu kuliko kioo. Basi apangusaye vumbi kavu kwa kanga hukwaruza kwa mkono wake mwenyewe. Na dawa ya meno nayo ina chembe zisuguazo: hula utando wa juu, pakabaki doa lisiloondoka.

Njia ya salama ni hii. Zimeni mashine, ondoeni vumbi kwa brashi laini, kisha panguseni polepole kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo wa maji safi. Alama ikitoweka, ulikuwa uchafu tu. Ikibaki, na ukucha ukanasa, hapana dawa ya kupaka iiponyayo. Kama maandishi yasomeka, ivumilieni. Kama hayasomeki, fundi aweza kubadili kioo peke yake, pasipo kununua mashine nyingine. Ila ulizeni bei kabla hajaifungua.