Kuku kalalia mayai katikati ya baridi: aachwe au atolewe?

Juni hadi Agosti, asubuhi za Njombe na Makete si za mchezo. Maeneo ya juu umande huganda kwenye majani. Na ni kipindi hicho hicho mtetea wa kienyeji anaweza kuamua kulalia: anajitutumua kwenye kiota, akisogelewa anadonoa.

Wasiwasi wa kwanza wa mfugaji huwa ni mayai. Lakini mayai siyo shida kubwa. Yanahitaji joto la nyuzi 37 na nusu hivi, na mwili wa kuku una zaidi ya nyuzi 40.

Kinachoponza ni tamaa ya idadi. Mtetea mdogo akiwekewe mayai 15, ya pembeni hayafunikwi. Na kwa kuwa huyageuza na kuyahamisha mwenyewe, leo linapoa hili, kesho lile, mwisho yanaharibika mengi. Wakati wa baridi, 8 hadi 10 yanatosha.

Kiota kisigusane na sakafu. Sanduku la mbao au tenga lenye nyasi kavu nyingi, kwenye kona isiyopigwa na upepo, linafaa. Ila banda lisizibwe kote, maana unyevu na harufu ya kinyesi huwaletea kuku mafua. Na jiko la mkaa ndani ya banda lililofungwa? Hapana kabisa. Hewa yake ya sumu haina harufu, inaua kuku na inaua mtu.

Mtetea mwenyewe naye ni wa kuangaliwa. Kwa kawaida hutoka mara moja kwa siku kula na kunywa, kama dakika 20, na kwa muda huo mayai hayafi. Asiyetoka kabisa atolewe taratibu mchana, jua likiwa limechomoza, apewe mahindi yaliyoparazwa na maji ya uvuguvugu.

Siku ya 7 usiku, tochi ya simu inamaliza ubishi: yai lenye mishipa mekundu lina kifaranga, lililo angavu tupu liondolewe.

Mtihani wenyewe unaanza siku ya 21. Kifaranga hawezi kujipasha joto. Wiki ya kwanza anahitaji nyuzi 32 hadi 35, na anayapata chini ya mama tu. Mama akiwatembeza kwenye nyasi zenye umande, wanalowa na kufa kimoja kimoja. Wakae ndani, pakavu, wiki mbili tatu za mwanzo. Manyoya ya kutosha huja wiki ya 5 au 6.

Kwa hiyo hesabu ifanywe mapema. Kuku aliyelalia Juni 10 anaangua Julai 1, baridi ikiwa kileleni. Kama hakuna pa kuwahifadhi vifaranga, bora azuiwe siku zile za mwanzo, kabla mishipa haijaonekana.

Kumchovya kwenye maji, kama wengine wanavyofanya, msimu huu ni kumtafutia kifo. Njia nzuri ni tenga lililoinuliwa, chini kukiwa na uwazi wa kupitisha hewa tumboni, bila nyasi, chakula na maji vikiwemo. Siku 3 au 4 hamu inaisha. Kuku huyo atarudi kutaga, na akilalia tena Agosti 25, vifaranga watatoka Septemba 15, baridi ikiwa imepungua.