Televizio ya Wamarekani weusi, na wasichana waliokataa



Watoto wetu hapa Kabambare wanaimba nyimbo za Marekani kabla ya kujua kusoma. Wanaziona kwenye simu, na kwenye nyumba ya video ambako mashine ya umeme inanguruma mpaka usiku. Huko Marekani, nyimbo nyingi za namna hiyo zilipitia televizio ya watu weusi inayoitwa BET.

Ilianzishwa na Robert Johnson pamoja na mke wake Sheila. Johnson alikopa dola 15,000, naye John Malone, tajiri wa televizio za waya, akaweka 500,000. Tarehe 25 Januari 1980 wakaanza: masaa mawili tu kwa juma, Ijumaa usiku. Mwaka 2001 iliuzwa kwa kampuni Viacom, karibu dola miliari 3. Mtu mweusi amefaulu, tunapiga makofi.

Lakini wanawake walionyeshwa namna gani humo? Usiku sana kulikuwa na kipindi kiitwacho Uncut, chenye video ambazo mama hawezi kutazama pamoja na mtoto wake. Katika moja, mwimbaji Nelly anapitisha kadi ya benki kwenye matako ya msichana. Mniwie radhi kuandika hivyo. Watoto wetu wanaona zaidi ya hapo.

Mwaka 2004 Nelly alitaka kwenda Spelman, chuo kikuu cha wanawake weusi mjini Atlanta, kutafuta watu wa kujitolea uboho kwa wagonjwa wa kansa ya damu. Dada yake mwenyewe alikuwa mgonjwa. Wasichana wakasema: njoo, lakini tuongee kwanza juu ya video yako. Nelly hakwenda. Mimi sijui kama ningekuwa na nguvu ya kusema vile, nikijua kuna dada anayengoja kupona. Uncut ilikoma mwaka 2006. Baadaye Sheila, ambaye alikuwa ameachana na mumewe, alisema wazi kwamba televizio ile aliyoianzisha inamtia haya.

Kuna mazuri pia. Mwaka 2019 tuzo ya BET kwa msanii wa nje ilimwendea Burna Boy wa Nigeria. Aliyepanda kuipokea ni mama yake, Bose Ogulu, akawakumbusha weusi wote kwamba kabla ya kuwa kitu kingine walikuwa Waafrika. Mwaka 2020 Innoss'B, mtoto wa Goma, alikuwa kati ya walioshindania tuzo hiyo. Burna Boy akaichukua tena, lakini jina la Kongo lilisomwa.

Jumamosi iliyopita tulienda wamama watatu kwa mwenye nyumba ya video. Alitusikiliza vizuri, akatuambia watoto wanalipa franga zao kwa ajili ya video zile zile. Tukamwomba walau kabla ya giza aonyeshe mengine. Akajibu: "Leteni klé yenu, nitaiweka." Sasa tunatafuta mwenye kompyuta.