Siku Mkono Unapokuwa Mzito



Mama mmoja wa Ukambani aliniambia, "Mchungaji, tangu tumzike mzee, kiondo changu kinaning'inia ukutani. Nikikishika, sijui nitie rangi gani." Kitako kilikuwa kimekwisha, na ubavu vidole vinne tu. Nikamwuliza kama ana katani. Alikuwa nayo nyingi, haijasokotwa.

Wasukaji mnajua. Kusuka kwataka akili, maana mistari ya rangi huhesabiwa kichwani, na kosa moja humfanya mtu afumue mizunguko mingi. Lakini kusokota uzi pajani ni kazi ya kiganja. Hata anayelia aweza kuifanya. Na kiondo kimoja hula uzi mwingi. (Kipimo sitaji, akina mama wasije wakanisahihisha!)

Someni Kutoka 35, aya ya 25 na 26. Hema ya Bwana ilipotengenezwa, Bezaleli alijaliwa ustadi wa kubuni. Hata hivyo hawakusahauliwa wanawake waliosokota singa za mbuzi. Tena Maandiko yaihesabu kazi yao kuwa hekima. Mapazia ya samawi na zambarau yalikaa ndani. Yale ya singa, 11 kwa hesabu, ndiyo yaliyoyafunika juu.

Basi ndugu, ikiwa leo huna wazo jipya, usifumue ulichoanza, wala usikilazimishe. Sokota nyuzi chache, uziviringe, uziweke.

Mama yule alisokota majuma matatu pasipo kusuka. Kisha Jumapili moja akaja ibadani na kiondo kile, kimeongezeka mstari mmoja mwekundu.