Kila Udongo Una Kazi Yake

Sisi akina mama wa Ikuti tunaujua udongo kwa majina yake. Udongo tifutifu, uliotokana na majivu ya volkano ya Mlima Rungwe, ndio unaotupa ndizi na viazi. Udongo wa kichanga hupitisha maji upesi. Udongo wa mfinyanzi hunata; ndio wanawake wa Kikisi, kule Matema kando ya Ziwa Nyasa, hufinyangia vyungu.

Lakini kuna udongo ambao hatuutaji kwa sauti: pemba, ile inayouzwa sokoni kwa vipande, na ule wa kichuguu. Kliniki tunapomuuliza mama mjamzito kama anakula udongo, huinamisha kichwa. Mama mwenzetu, usione aibu. Mara nyingi hamu hiyo ni dalili kwamba damu imepungua. Hata hivyo, udongo hauongezi damu. Huweza kuzuia madini ya chuma ya chakula yasiingie mwilini, tena huweza kuwa na mayai ya minyoo. Mama aliyepungukiwa sana damu yumo hatarini anapojifungua, na mtoto pia.

Tufanye nini? Tumwambie muuguzi ukweli, tupimwe damu, tumeze kila siku vidonge tunavyopewa kliniki. Tule maharage, dagaa na mboga za majani. Chai yetu tusiinywe pamoja na chakula, maana nayo huzuia chuma. Shambani tuvae viatu, kwani safura hupenya ngozi ya miguu.

Na ukimwona jirani akificha pemba ndani ya kitenge, usimcheke. Msindikize kliniki.