Karatasi Iwambwe Kabla ya Rangi

Anayetaka kuichora Kimulot kwa rangi za maji hana budi kutumia maji mengi. Mashamba ya chai ya huko, upande wa Konoin katika Kaunti ya Bomet, yako kwenye nyanda za juu karibu na msitu wa Mau, na asubuhi ukungu hufuta mpaka kati ya chai, miti na mawingu. Mpaka uliofutika hivyo hauchoreki kwa brashi kavu. Karatasi hulowanishwa kwanza, kisha rangi ikaachwa itambae yenyewe. Hapo ndipo wengi huvunjika moyo: karatasi hufura na kufanya vilima na mabonde, rangi ikakimbilia mabondeni na kukauka ikiwa madoa. Lawama huangukia rangi ya bei rahisi au mkono wa mchoraji. Mimi nashikilia kwamba mara nyingi kosa limetangulia rangi na mkono pia. Karatasi haikuwambwa.

Karatasi ni nyuzi za selulosi zilizoshikamana. Uzi mmoja ukinywa maji hunenepa sana kwa upana lakini hurefuka kidogo mno, na kwa kuwa karatasi ya kiwandani imelaza nyuzi zake nyingi upande mmoja, hutanuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Ukilowesha katikati peke yake, sehemu hiyo hutaka nafasi ambayo kingo kavu haziitoi, basi huinuka juu. Kuwamba kunatumia tabia hiyohiyo. Karatasi nzima huloweshwa hadi itanuke, kingo zake hubandikwa kwenye ubao, kisha huachwa ikauke. Inapotaka kunywea, kingo haziiruhusu, ikabaki imekazika kama ngozi ya ngoma. Siku ya kuchora, maji hulegeza mkazo huo kidogo tu, na rangi ikikauka karatasi hujikaza tena.

Kazi yenyewe si ngumu, ila ina mahali pa kuangalia. Karatasi ya gramu 190 kwa mita ya mraba huhitaji dakika chache ndani ya maji baridi, ya gramu 300 huhitaji zaidi kidogo. Maji ya moto hayafai, kwa sababu karatasi nzuri imetiwa gundi, mara nyingi ya jelatini au wanga, inayozuia rangi isizame. Gundi hiyo ikiyeyuka, karatasi itainywa rangi na kuifubaza. Ishike kwa pembe ili maji yachuruzike, ilaze juu ya ubao mnene wa plaiwudi, kisha bandika pande zote nne kwa utepe wa kaki ambao gundi yake huamshwa kwa maji. Utepe wa kawaida wa mafundi wa rangi za nyumba haushiki karatasi iliyolowa. Utepe wa kaki ukikosekana madukani, vipande vya karatasi ya kaki vilivyopakwa uji mzito wa unga wa ngano vinaweza kutosha; Japani, mafundi wa karatasi wamekausha kazi zao kwa kuzibandika kingo kwa gundi ya wanga juu ya mbao maalumu tangu zamani.

Wapo watakaosema karatasi nene ya gramu 640 haihitaji kuwambwa. Ni kweli, lakini bei yake humweka nje mwanafunzi na mchoraji anayeanza, na hao ndio ninaowaandikia. Wengine husema picha iliyojikunja hunyooshwa baadaye kwa kuilowesha mgongo na kuikandamiza chini ya vitabu. Karatasi itanyooka, naam, lakini doa lililokaukia bondeni halitatoka. Hoja nzito zaidi ni ya hali ya hewa: katika nchi ya chai mvua ni nyingi na hewa ina unyevu, karatasi itakauka lini? Itachelewa, pengine hadi kesho yake, na haraka ndiyo inayoharibu. Ikisogezwa jikoni karibu na moto, hukauka upande mmoja kabla ya mwingine, ikachanika au ikang'oa utepe. Ubao ulazwe tambarare ndani ya nyumba, maana ukisimamishwa maji hutelemkia utepe wa chini na kuubandua. Tena unyevu huo ni sababu ya kuwamba, kwa kuwa karatasi iliyolegea hupindapinda kwa hewa tu, hata kabla haijaguswa na brashi.

Mtaala wa umilisi umeipa sanaa nafasi yake darasani, na karatasi za shule kwa kawaida ni nyepesi. Mwalimu wa Kimulot aliyepanga kipindi cha rangi za maji Jumatano, awaambie wanafunzi wawambe karatasi zao Jumatatu mchana, wala wasizikate kutoka ubaoni mpaka picha ikauke kabisa.