Kikombe cha pakanga kina dawa kiasi gani?

Majani makavu ya pakanga, ile ambayo wataalamu wa mimea huiita Artemisia annua, huuzwa kwa fungu na kwa pakiti. Mnunuzi huambiwa achemshe, anywe, malaria itaondoka. Pakiti haisemi majani hayo yana artemisinini kiasi gani, ilhali kemikali hiyo ndiyo inayoua vimelea.

Tatizo hili lilimsumbua hata aliyeigundua dawa. Tu Youyou na wenzake nchini China walikuwa wakipata dondoo inayofanya kazi leo na kushindwa kesho. Akarudi kwenye kitabu cha tiba cha Ge Hong, mganga wa karne ya 4, akaona kwamba majani yanalowekwa na kukamuliwa, kuchemsha hakutajwi. Mwaka 1971 alitumia etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi joto 35 hivi, na dondoo yake ikamaliza vimelea katika panya na nyani wa maabara. Tuzo ya Nobel ilimfikia 2015.

Artemisinini hutengenezwa ndani ya vitezi vidogo mno vilivyo juu ya majani na maua. Shina lina kidogo sana. Hata majani yenyewe hayalingani: mmea mmoja unaweza kuwa na chini ya asilimia 0.1 ya uzito mkavu, mwingine ukapita asilimia 1. Mbegu ndiyo yenye neno kubwa hapo, kwani ipo mimea ambayo kwa asili hulimbikiza kemikali nyingine na kuacha artemisinini ikiwa haba. Halafu kuna wakati wa kuvuna. Kiwango hupanda kadiri mmea unavyokaribia kutoa maua, na pakanga huchanua mchana unapofupika. Kwetu karibu na Ikweta, ambako mchana ni saa 12 hivi mwaka mzima, mbegu za nchi za baridi huchanua mapema zikiwa bado fupi na zenye majani machache. Ndiyo maana wakulima wa Afrika Mashariki wanaouzia viwanda hupewa mbegu chotara zinazochelewa kuchanua.

Sasa tuje jikoni. Artemisinini haipendi maji. Huyeyuka vizuri zaidi katika vimiminika kama etha. Watafiti waliwahi kupima chai ya lita moja iliyotokana na gramu 9 za majani: ilikuwa na miligramu 94.5, takriban moja ya tano ya kipimo cha kawaida cha siku cha artemisinini safi. Na hayo yalikuwa majani mazuri. Ukitumia yenye asilimia 0.1, gramu 9 zina miligramu 9 tu, hata kama maji yangezitoa zote.

Mgonjwa anaweza kupata nafuu kwa chai hiyo, na hapo ndipo inapodanganya. Katika utafiti uliofanywa mashariki mwa Kongo, homa na vimelea vilipungua haraka, lakini wiki chache baadaye wengi walikuwa na vimelea tena. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema haliungi mkono matumizi ya mmea huu usiosindikwa kwa kinga wala tiba ya malaria, likihofia pia usugu wa vimelea.

Anayedhani hii ni dharau kwa mitishamba asisahau kwamba dawa mseto ya ALu tunayopewa zahanati imetoka kwenye majani hayohayo. Artemisinini hutolewa, husafishwa, hugeuzwa kuwa artemeta, na kila kidonge cha kawaida cha ALu hubeba miligramu 20 zake pamoja na 120 za lumefantrini. Mkulima akileta majani hafifu, kiwanda huhitaji magunia mengi zaidi, kidonge hakibadiliki.

Sokoni yapo pia majani ya Artemisia afra, ndugu yake wa Kiafrika, anayetumika tangu zamani kwa mafua na kikohozi. Huyo karibu hana artemisinini kabisa. Yakishasagwa, jicho halitofautishi unga wake na wa pakanga; kinachohitajika ni kipimo cha maabara.